Sailensa ya Makumbi

Abdulrauf alikuwa mtu mwema, sikatai. Lakini kama kuna neno ambalo Mungu hakumjaalia kulitamka, ni "hili siliwezi". Rafu za duka lake la vitambaa pale Mtaa wa Biashara alizipigilia mwenyewe. Bomba la jikoni nyumbani kwake mtaani Jamhuri alilifunga mwenyewe, na mpaka leo ukifungua ya moto unapata ya baridi. Kwa hivyo sailensa ya gari lake ilipoliwa na kutu ikadondoka vipande vipande njiani, majirani hawakuuliza fundi atakuwa nani.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na bila sailensa lilinguruma hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Kwa miezi mingi hakujali. Kila jioni akifunga duka alipitia Westlands kumchukua mwanawe Zaki kazini, na ghorofa nzima ilijua amefika kabla hajaonekana. Zaki alikuwa akishuka ngazi mbio, kichwa chini, anaingia garini bila kutazama nyuma. Abdulrauf aliyaona hayo, akajifanya hayaoni.

Kilichomtoa usingizini ni posa. Zaki alikuwa amempenda Shahida, binti anayefanya naye kazi ofisi moja, na babake Shahida ni Bwana Sharif wa Loresho. Huko ni kwenye miti mirefu na nyua zilizofagiliwa, mahali ambapo hata mbwa hubweka kwa adabu. Siku ikapangwa. Jumapili baada ya alasiri, Abdulrauf na mkewe Mwanasha wampeleke kijana wao, wakaseme neno.

"Baba, tuite teksi tu," Zaki alisema wakiwa chakulani. "Gari lenyewe... unajua."

"Najua nini?"

"Kelele, Baba. Kule ni kimya."

Abdulrauf akaliweka tonge sahanini. Laiti angekasirika, ingekuwa afadhali, maana hasira alikuwa ameizoea. Aliona haya. Mwanawe wa kumzaa anamwonea aibu, tena ana haki yake.

"Posa ya mwanangu siendi na gari la watu," alisema. "Nitalinyamazisha mimi."

Jumamosi asubuhi alikuwa chali chini ya gari. Alikuwa na kipande cha bomba alichokitoboa matundu kwa drili, na debe tupu la samli lenye picha ya ng'ombe ubavuni. Bomba lipite katikati ya debe, na nafasi inayobaki ijazwe kitu cha kumeza sauti. Wazo lilikuwa sawa kabisa. Jirani yake Obuya, mtu wa Siaya anayefanya kazi benki, alisimama kando na kikombe chake cha chai, akitazama.

"Jaza zile nyuzi za chuma za kuosha sufuria," Obuya alisema.

"Za nini? Nina makumbi."

Na kweli alikuwa nayo. Dadake wa Malindi humletea nazi kwa basi, nazi nzima na maganda yake, kwa sababu Abdulrauf hali wali wa tui la pakiti. Makumbi, yale maganda yenye nyuzi, yalijaa gunia nyuma ya nyumba.

"Jirani, hiyo kitu itashika moto," Obuya akasema.

"Obuya, kamba ya makumbi inakaa ndani ya bahari mwaka mzima haiozi, itashindwa na moshi? Wewe nifundishe ngege, samaki wenu wa ziwani. Mambo ya nazi niachie mwenyewe."

Obuya akacheka hadi chai ikamwagika. "Haya, mwenye nazi."

Abdulrauf akayaroweka makumbi kwenye maji ya chumvi, akayashindilia ndani ya debe, akafunga kwa bati na waya. Alipowasha, gari likakohoa, likatulia, likaanza kunong'ona. Jamani, lilinong'ona! Mwanasha alitoka nje na unga mikononi akauliza kama limezimika. Abdulrauf alilizungusha mtaa mara moja tu, kwa maringo, dirisha wazi. Aliporudi, Zaki alikuwa anacheka. Akamshika babake begani, akasema, "Baba, wewe!" Mkono ule Abdulrauf alitembea nao begani siku nzima.

Jumapili wakatoka. Abdulrauf alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na kofia ya vito iliyotariziwa. Mwanasha alikaa nyuma na sinia la halua mapajani, limefunikwa kitambaa cha kazi ya mkono. Ngong Road ilikuwa nyeupe, haina magari, wakapita kama watu wa maana. Westlands wakakuta foleni, na foleni ya Westlands haijui Jumapili. Wakakaa hapo, injini ikiwaka, na kule chini makumbi yakaanza kukauka.

"Baba Zaki," Mwanasha alisema, "nani anapika nazi?"

"Hiyo mikahawa."

"Mbona ni nazi ya kuungua?"

Zaki aligeuka kutazama nyuma, akaona moshi mzito unawafuata, na madereva wa nyuma wakifunga vioo. Walipofika Waiyaki Way jasho lilikuwa linamtiririka Abdulrauf mpaka ndani ya kola. Wangeweza kusimama. Mkewe alimwambia asimame, naye akasema tumekaribia. Wakakunja kuingia Loresho, waya ukakatika, debe likapasuka pu! Ngurumo ikarudi, tena mara mbili ya ile ya kwanza.

Ndege waliruka mitini. Yaya mmoja alimvuta mtoto wa watu kando ya barabara. Wakafika langoni kwa Bwana Sharif wamefunikwa na moshi wao wenyewe, na askari wa lango, Muasya, akatoka akipepea uso kwa kofia.

"Nyinyi ndio wageni wa mzee?" akauliza kwa sauti ya juu. "Nimeambiwa nifungue."

Kwenye upenyo wa lango Abdulrauf aliona ua uliofagiliwa, viatu vimepangwa mlangoni, mapazia yamefungwa vizuri kwa ajili yao. Akajitazama. Masizi yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mkono wa kanzu. Na mdomo wake ukasema wenyewe, kabla ya akili kuuzuia:

"La, siyo sisi. Tumepotea njia."

Zaki akamtazama babake.

Abdulrauf akarudisha gari kinyumenyume hadi kwenye kona, akalificha nyuma ya ua wa michongoma. "Tutarudi kwa miguu," alisema. "Watadhani tumeshushwa na teksi." Mwanasha alibeba sinia lake mikononi, wakatembea wote watatu wakinuka wali ulioshika chunguni. Muasya aliwaona wakija. Akaitazama ile kanzu, akafungua lango.

Bwana Sharif aliwapokea kwa mikono miwili, akawakalisha, akawamiminia kahawa kwa mkono wake. Kwanza wakajuliana hali. Abdulrauf akakohoa, akavuta sinia mbele, akataka kuanza maneno yake aliyoyapanga wiki nzima.

"Kabla hujasema, ndugu yangu," Bwana Sharif akasema kwa upole, "nina swali. Tulikuwa tumekaa hapa tukasikia gari. Mimi nilishtuka. Shahida akatoka jikoni mbio: 'Ndio wao, Baba! Hilo ni gari la babake Zaki.' Kumbe kila jioni wenzake kazini hulicheka, naye huwaambia nyamazeni, huyo ni baba amemfuata mwanawe, hajakosa hata siku moja. Basi nikamtuma Muasya afungue. Akarudi akaniambia wenyewe wamesema siyo wao. Mwanangu akaingia chumbani, na mpaka sasa hajatoka. Nani aliyesema vile?"

"Ni mimi," Zaki akasema haraka.

Hapo ndipo Abdulrauf alipoumia hasa. Mtoto anambebea aibu yake, mbele ya watu!

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya gari."

Bwana Sharif akazungusha kikombe chake mkononi. "Gari limekubeba miaka yote hii. Leo limekutia haya, ukalikana langoni kwangu. Na huyu binti yangu ni binadamu, Bwana Abdulrauf. Iko siku atawatia haya. Ataunguza chakula cha wageni, atachelewa kuzaa, atateleza ulimi mbele za watu. Siku hiyo mtamkana?"

Mwanasha alikuwa ameinamisha uso, machozi yanadondokea kitambaa cha sinia.

"Sitaki jibu la leo," Bwana Sharif akasema. "Rudini na sinia lenu. Mkilipata jibu, lango mnalijua."

Wakainuka. Halua ilirudi vilevile ilivyokuja, haikufunuliwa. Bwana Sharif akavaa viatu vyake, maana mgeni husindikizwa mpaka kwenye chombo chake.

"Usijisumbue, Bwana Sharif, hapa panatosha," Abdulrauf alimsihi.

"Gari liko wapi?"

Ikabidi amwonyeshe. Wakashuka barabara nzima, wenye nyumba wakiwatazama, hadi kule kwenye michongoma. Debe lilikuwa linaning'inia kwa waya mmoja, ng'ombe ameungua nusu, moshi bado unatoka. Bwana Sharif aliinama akalitazama, akainuka bila kucheka. Kule juu Shahida alikuwa ametoka langoni, amesimama na mtandio wake usoni.

Abdulrauf aliwasha. Loresho nzima ikasikia. Bwana Sharif hakuziba masikio, alisimama palepale kando ya dirisha, akingoja waondoke salama. Abdulrauf akamgeukia amwambie nisamehe, ndugu yangu, na alisema kweli, midomo ikacheza. Lakini kwa kelele zile hakuna aliyesikia.