Kidonda Kilichopona Usiku Mmoja

Kidonda cha moto hakiponi kwa usiku mmoja. Hilo sihitaji kuambiwa na daktari. Nina miaka kumi na minne ya kupika uji wa shule, na mikono yangu yote miwili ina alama za ushahidi. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, Ukoko aliponyoosha kikombe chake na mkono ukawa laini, hauna kitambaa wala lengelenge, nilishusha upawa nikamkodolea macho.

"Wewe! Jana si nimekufunga mkono huo mimi mwenyewe?"

"Umepona, bibi."

"Umepona! Basi nipeleke kwa huyo aliyekutibu, anitazame na goti langu."

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alichukua uji wake akaenda kuunywa nyuma ya tangi la maji, peke yake.

Ukoko ni jina nililompa mimi. Alikuwa wa darasa la tatu, mwembamba, uso wote macho, na wenzake wakishaondoka alikuwa akirudi jikoni kuniomba ukoko wa chini ya sufuria. Jumanne hiyo alikuwa na haraka, akaanza kukwangua kabla sufuria haijapoa, ndipo akaungua. Nikampaka dawa, nikamfunga kitambaa safi, nikamgombeza mpaka sauti ikanikauka. Mimi nikimpenda mtoto ndivyo ninavyompenda, kwa makelele.

Ila kulikuwa na siku nyingine namwita, "Njoo mama, nimekuwekea ukoko wako," naye ananitazama kama hanijui. Nilisema moyoni, haya, kila mtu na vituko vyake.

Sasa hiyo Jumatano mwalimu wake, binti mdogo ambaye bado hajajifunza kuwapigia watoto kelele, alikuja jikoni kufuata chai. Alikaa kwenye gunia la unga akashika kichwa.

"Mama mpishi, yule mtoto wako atanitia wazimu. Jana nimefundisha kugawanya, kafanya hesabu zote bila kosa. Leo namwuliza, hata kugawanya ni nini hajui. Lakini kupima urefu, ambako jana hiyo hiyo alinitolea macho tu, leo anajua! Mwaka mzima ni hivyo hivyo. Mwalimu mkuu amechoka. Anataka Ijumaa nimpe mtihani ofisini kwake, akishindwa anarudishwa darasa la kwanza."

"La kwanza! Akakae na watoto wanaojifunza kushika penseli?"

"Ndiyo hivyo. Anasema kichwa chake hakishiki kitu."

Damu ikanichemka. Mtoto anayejua kunivizia mpaka nigeuke ndipo aukwangue ukoko wa sufuria ya pili, huyo kichwa chake hakishiki? Nilinyamaza, na kwangu mimi hiyo ni kazi. Lakini kengele ya mwisho ilipolia nilivua aproni nikamfuata. Kiherehere changu hakijaanza leo, kila mtu anakijua.

Alipita nyuma ya soko, akaingia kwenye safu ya vyumba vya kupanga, mlango wa tatu. Ulikuwa wazi. Nikachungulia.

Alivua sare pale pale mlangoni, akabaki na fulana. Na mtoto mwingine, uso ule ule, macho yale yale, akaipokea sare ile akaanza kuikung'uta vumbi. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Mkononi alikuwa na kitambaa changu, na fundo langu mwenyewe.

Wakakaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, daftari moja katikati yao. Aliyetoka shule akaanza kumfundisha mwenzake alichosikia siku hiyo. Alikuwa anaharakisha, kwa sababu sare ilikuwa bado ifuliwe ikauke.

"Hodi," nikasema, na sauti yangu ilinishangaza kwa upole.

Waliruka wote wawili. Mtoto mchanga akaanza kulia. Nikamchukua, nikambembeleza, na kidogo kidogo wakaniambia yote. Mapacha. Mama yao anafua nguo kwenye nyumba za watu kuanzia alfajiri, na huko haruhusiwi kwenda na mtoto. Na tangu mwanzo, hata kabla huyu mdogo hajazaliwa, sare ni moja. Basi aliandikisha jina moja, wakaenda kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Anayebaki analea.

"Mama alisema kusoma nusu ni afadhali kuliko kutosoma kabisa," akasema Ukoko.

Nikamgeukia yule mwingine. "Kwa hiyo wewe ndiye unayekataa ukoko wangu?"

"Siupendi, bibi. Unanikwaruza koo. Mimi napenda mapovu ya juu."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikampa jina lake hapo hapo: Mapovu.

"Usiwaambie," Ukoko akanishika gauni. "Wakijua tuko wawili watamchagua mmoja, mwingine atafukuzwa. Tafadhali bibi."

Nikaahidi. Jamani, mimi nikaahidi! Halafu njiani ndipo likaniingia vizuri. Mtihani wa Ijumaa ulikuwa na kila kitu ndani yake. Wanachofundishana jioni kwa haraka hakishiki; nusu anaijua huyu, nusu anaijua yule. Aende yeyote kati yao, lazima ashindwe.

Alikwenda Ukoko, ingawa haikuwa zamu yake. Saa nne nilipeleka chai ofisini, kazi ambayo si yangu, nikamkuta kakaa kwenye kiti kikubwa, miguu haifiki chini, amejikaza kisabuni. Mwalimu mkuu, mzee mnyoofu mwenye miwani, alikuwa ameshika karatasi. Binti mwalimu alisimama dirishani, macho mekundu.

"Ajabu," akasema mwalimu mkuu. "Nusu yote sahihi. Nusu yote tupu, hata kujaribu hakujaribu. Hapana, mwalimu. Darasa la kwanza."

"Nusu nyingine iko nyumbani imebeba mtoto mgongoni!"

Ni mimi niliyesema hayo. Mdomo wangu hauna breki. Nikatua sinia kwa kishindo, chai ikamwagikia rejista yake.

Wote wakanitazama. Lakini macho yaliyoniumiza ni ya Ukoko. "Bibi, uliahidi," akasema, na uso wote ukamkunjamana. Kisha akashuka kitini, akasimama mbele ya mwalimu mkuu, mikono nyuma, kama walivyofundishwa. "Kama mnachagua, mchagueni dada yangu. Yeye anasoma vizuri kuliko mimi. Mimi naweza kulea."

Mwalimu mkuu alichukua karatasi ile na kofia yake.

Tukaenda wanne, nyuma ya soko, mlango wa tatu. Mapovu alikuwa anamlaza mtoto mchanga. Alipotuona alielewa kila kitu, akamtazama dada yake tu. Mwalimu mkuu alikaa juu ya ndoo, pamoja na suruali yake iliyopigwa pasi, akampa karatasi na penseli. "Endelea pale mwenzako alipoishia."

Akaendelea. Kupima urefu, ramani, mnyama na makazi yake. Alijaza moja moja bila kufuta. Alipomaliza aliirudisha kwa mikono miwili, akasema, naye hakuwepo ofisini, hakuna aliyemwambia neno: "Kama ni mmoja tu, awe yeye. Mimi mtoto amenizoea zaidi."

Binti mwalimu alitoka nje. Mimi nilishika fremu ya mlango. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Pale langoni kuna kibao," akasema polepole. "Bila sare hakuna kuingia. Nani aliyekiweka kibao kile?"

"Wewe," nikamwambia.

"Najua ni mimi, mama mpishi. Nilikuwa najiuliza kwa sauti."

"Basi nimekujibu kwa sauti. Na mtoto huyu mchanga nitakaa naye mimi. Ile stoo ya unga ina dirisha, iko mbali na moto, na mimi nimelea sita. Aproni mpya mliyonipa ni ya bluu ile ile ya sketi zao, sijaivaa hata mara moja. Inatoa sketi moja na kipande kinabaki."

"Na wewe utapika umevaa nini?"

"Uji haujali nimevaa nini."

Tulimngoja mama yao. Alirudi na mikono iliyokunjamana kwa sabuni, akatukuta mlangoni, akadhani tumekuja kuwafukuza. Alianza kuomba radhi kabla hajatua beseni. Mwalimu mkuu alimpokea lile beseni mwenyewe. "Sisi ndio tuliofunga lango, mama," akamwambia. "Jumatatu waje wote wawili. Watatu."

Jumamosi nzima nilishona. Goti liliuma, mgongo uliuma, nikawagombeza hata kuku wa jirani.

Jumatatu kibao kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu ya misumari. Nilimfunga mtoto mchanga mgongoni, nikaweka sufuria motoni, halafu nikasogea dirishani, maana darasa la tatu linatazamana na jiko langu. Mapacha walikaa dawati moja. Sketi niliyoshona ilikuwa imepinda kidogo kushoto, na atakayesema neno nitamwonyesha.

Binti mwalimu alisoma rejista. Alifika kwenye lile jina lililoandikwa siku zote. "Nipo," akajibu Ukoko.

Kisha akasoma jina jipya, lililo chini yake kwa wino mbichi.

Kimya. Mapovu alikuwa anatazama mbele, anasubiri kama wengine. Akalisoma tena. Kimya. Mtoto alikuwa amekuja shule ile miaka miwili na nusu, na siku zote aliitikia jina la dada yake. La kwake hajawahi kulisikia likisomwa.

"Si unaitwa wewe!" nikapiga kelele kutoka dirishani. "Itika, mama!"

Ukoko akamgusa begani. Mapovu akasimama wima, akashika sketi yake kwa mikono yote miwili.

"Nipo," akasema.

Nilibaki pale dirishani mpaka nikasikia harufu. Uji ulikuwa umeungua. Siku hiyo ukoko ulijaa sufuria nzima, na Ukoko akala mpaka akasaza.