Betri ya Nne

Haya, nawategea, na msiharakishe kunipa mji. Ndugu wanne kitanda kimoja, mmoja akizimia wote wamelala. Ni nini?

Fundi redio alikuwa na jibu lake mezani, ndani ya kiboksi kisichozidi kisahani cha sabuni. Mwanamke huyo alikuwa amekichonga mwenyewe, kina nafasi ya betri nne za lithiamu, kila moja nene kama kidole gumba. Tatu zilikuwemo. Ya nne ilikosekana, na nyuma ya pazia mdogo wake alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayeburuta kabati sakafuni.

Mdogo mtu alitoka hospitali na pampu ya kuvaa kifuani, ya kumsukumia hewa. Umeme ukiwepo, pampu ilikula ukutani. Umeme ukikatika, na siku hizo ulikatika kila alasiri kwa saa mbili, ilitegemea betri iliyokuja nayo, na betri hiyo ilikufa dakika ya nane. Muda uliobaki fundi alimpa hewa kwa mkono, akiminya mfuko wa mpira mpaka vidole vikagoma. Kila siku vilikuwa vinagoma mapema zaidi.

Ndipo akaamua kumtengenezea nyingine, ndogo, kifua kisielemewe. Kazi ya betri haitaki papara. Ukizifunga kwa foleni, nguvu huongezeka. Ukizifunga ubavu kwa ubavu, pumzi huwa ndefu. Pampu ilitaka vyote viwili: jozi mbili za ubavu kwa ubavu, kisha jozi zenyewe kwa foleni. Na sharti ni kulingana. Ukimlaza mzima na mchovu, mchovu haponi. Humvuta mzima wakafa pamoja. Fundi alichambua betri kuukuu sitini za kreti iliyokuwa chini ya meza yake, akazichaji, akaziacha zilale siku tatu, akazipima tena. Tatu zilisimama kwenye volti nne nukta moja. Hamsini na saba zilikuwa magunzi tu.

Jumatatu, saa tisa alasiri, akaja marehemu wa kwanza. Alivaa gauni la hospitali, miguu peku, mkononi ameshika betri yenye ngozi ya plastiki ya buluu. Alikuwa amefariki mwezi uliopita kwenye kitanda cha sita, umeme ulipokatika. Akasalimia, akauliza zamu yake itakuwa ya ngapi. Mteja mwenye pasi mbovu akajisogeza, akamwambia akae, benchi si la mtu. Zamu yake ilipofika, marehemu akaiweka betri mezani.

"Fundi, nani aliyeivisha hii ngozi?"

Fundi akamwambia angoje, kuna pasi ya watu.

Jumanne wakaja wa kitanda cha pili na wa kitanda cha tisa. Alhamisi walikuwa saba, na wateja wakaanza kunung'unika.

"Tulio hai tusimame, wafu wakae?" alisema mwenye pasi. "Jamani, nyie si mmepumzika vya kutosha?"

Wafu wakacheka kwa adabu, wakabanana. Bibi wa kitanda cha tisa akasimulia alivyohesabu dakika nane kwenye saa ya ukutani, akafika ya nane, asione ya tisa. Binti zake waliambiwa mama yenu alichomoa waya mwenyewe, wazee ndivyo walivyo. Jamaa za wote saba waliambiwa hivyo hivyo.

Fundi alisikiliza ameinama. Hakuwa na haja ya mita ya kupimia betri. Ngozi ile ya buluu aliijua, na alama za risasi ya kuunganishia waya alizijua: nukta mbili, na ya tatu pembeni, kama alivyofundishwa na baba yake. Hakuna fundi mwingine anayehangaika na ya tatu. Miaka miwili mtunza stoo wa hospitali alimletea makreti ya betri chakavu pamoja na roli la ngozi mpya, na miaka miwili yeye alizivisha zikang'aa. Hakuuliza zinakwenda wapi. Kazi ilikuwa nyingi, na mwenye kazi nyingi hulala fofofo. Hata ile inayokufa dakika ya nane kifuani pa mdogo wake ilikuwa na nukta ya tatu.

Ijumaa aliwachukua wafu wote saba mpaka stoo. Mtunza stoo aliwapokea vizuri, akaleta viti. Akaeleza kuwa malalamiko ya wodini huletwa na mgonjwa mwenyewe, na hawa si wagonjwa tena. Fundi akaomba betri moja tu, mpya. Akajibiwa kwamba mpya zote zimeshafungwa kwenye mashine za wodini. Wafu wakashukuru kwa viti, wakarudi naye kwa miguu.

Jumamosi umeme ukakatika saa tisa kamili. Dakika ya nane betri ya hospitali ikafa, fundi akashika mfuko wa mpira. Robo saa haikupita, vidole vikakataa kukunjuka. Midomo ya mdogo wake ikaingia rangi ya majivu.

"Dada, ya nne bado?"

Marehemu wa kitanda cha sita akainuka kwenye benchi, akanyoosha viganja.

"Hebu nipime mimi."

Fundi akamgusisha waya mweusi kiganja cha kushoto, mwekundu cha kulia. Volti nne nukta moja. Alilingana na zile tatu barabara. Marehemu akakusanya gauni lake, akajikunyata, akaingia kwenye nafasi ya nne, kichwa upande wa chanya kama inavyotakiwa. Fundi akamfunga kwa ukanda wa bati: nukta mbili, na ya tatu pembeni. Pampu ikaguruma. Mwenye pasi akasema afadhali, benchi limepata upenyo.

Dakika ya nane pampu ikaanza kusinzia. Fundi akapima. Tatu zilikuwa palepale. Ya nne ilikuwa inashuka, nukta baada ya nukta, na betri inayoshuka peke yake wenzake wamesimama, kuna mahali inavuja. Akainamisha sikio kwenye kiboksi.

"Nakuuliza tangu Jumatatu," sauti ilisema humo ndani, bila hasira. "Mke wangu anaamini nilichomoa waya mwenyewe. Na mimi nimeanza kuamini. Nani aliyeivisha?"

Wakati huo tarishi wa hospitali alikuwa mlangoni, anatua kreti nyingine, roli la ngozi ya buluu juu yake. Alisema bosi wake, mtunza stoo, anamsalimu fundi, amepandishwa cheo, na hizi zinatakiwa Jumatatu. Wafu wakakunja miguu kreti ipite.

Nyuma ya pazia mdogo mtu akajikusanya kwa neno moja, akapumzika, kisha mengine.

"Dada. Mjibu mwenzio, na mimi nipumue."

Fundi akaiweka mita chini.

"Ni mimi, baba," akakiambia kiboksi. "Kwa mikono hii. Zote nilizivisha mimi."