Ndui Alivyokufa Katogota

Donatien alikuwa muuguzi kwa cheti, mchekeshaji kwa kuzaliwa, na mwongozaji wa michezo ya jukwaani kwa adhabu. Adhabu hiyo alipewa na Daktari Mzungu, aliyefungua mlango wa zahanati yetu ya Uvira akamkuta akiwaigizia wagonjwa mwendo wake: tumbo mbele, mikono nyuma. Wagonjwa walicheka hadi mishono ikawauma. Daktari, ambaye ucheshi aliuacha Ulaya pamoja na makoti ya baridi, hakucheka.

"Unapenda mchezo? Basi wafanyie mchezo watu wa kijiji cha Katogota. Wasipochanjwa ndui wote kufikia Ijumaa, huna kazi."

Watu wa Katogota walikuwa wameshatukimbia mara mbili, wakajificha kwenye matete ya mto Ruzizi. Mimi, Kizito, muuguzi msaidizi, nilimhurumia sana mkubwa wangu. Nafasi yake nilikuwa nimeitamani miaka sita tu.

Tukafanya mazoezi. Mimi nilipewa kuwa Daktari. Kuwa Ndui hakuna aliyekubali, kwa hiyo Donatien alijipaka majivu na madoa ya udongo mwekundu, akawa Ndui mwenyewe. Mwisho ulikuwa rahisi: namchanja Ndui, anakufa, watu wanaelewa.

Lakini Alhamisi alasiri, watu walivyocheka! Na mchekeshaji akishapata kicheko, nani atamwambia afe? Nilipomchanja aliruka, akapita katikati ya watu akiwapapasa mashavu, akatokomea nyuma ya ghala la pamba. Walimshangilia. Nikajisemea, huyu amejimaliza.

Kesho yake Donatien alikuja kwenye meza ya chanjo, ameoga, koti jeupe. Watu wakamtambua, wakarudi nyuma. Mama Generose, ambaye wengine walimfuata kwa kila jambo, alificha mkono ndani ya kikwembe, kitenge alichojifunga.

"Weye Munganga Kizito, ule njo Ndui, na angali muzima! Kama iko hai, minye sitoe mukono."

Donatien alikwenda nyuma ya ghala, akarudi na majivu yake. Nilimchanja mbele ya wote, akaanguka, akafa bila utani hata mmoja. Mama Generose alimsukuma kwa kidole cha mguu, akaridhika, akanyoosha mkono. Foleni ikajipanga.

Ndipo gari la Daktari likafika. Alipomwona muuguzi wake amelala chini saa za kazi, alifoka kwa Kifaransa:

"Donatien! Simama!"

Angesimama, foleni nzima ingeishia kwenye matete. Hakutikisa hata ukope. Nzi alitembea juu ya mdomo wake, naye akamwacha atembee. Moyo uliniuma, nasema kweli.

"Amelewa?" Daktari aliniuliza, bado kwa Kifaransa.

Kifaransa cha kumjibu nilikuwa nacho, na pale hakuna mwanakijiji ambaye angetuelewa. Sentensi moja ingetosha. Nilishika mkono uliofuata, nikachanja. Daktari alijiandikia jibu lake mwenyewe kwenye daftari, akaondoka.

Jioni, mkono wa mwisho ulipokwisha kuchanjwa na watu wakaenda zao, Donatien aliinuka akajipangusa majivu. Alijua Kifaransa kuliko mimi, na masikio yake hayakuwa yamekufa.

"Ulicheza muzuri, Kizito," alisema.

Sikujua pa kuuweka uso. Jumatatu nilipandishwa cheo hadi nafasi yake, kwa kazi njema ya Katogota.