Tai Aliyezoea Sauti ya Kipaza

Miaka thelathini na moja Mzee Kipaza alitangaza treni stesheni, na wapo wanaoapa kwamba siku umeme ulipokatika alitangaza kwa mdomo mtupu, abiria wa stesheni ya pili wakapanda. Mtu wa namna hiyo, alipostaafu, akaenda kujitolea kwenye kazi ambayo sharti lake la kwanza ni kufunga mdomo.

Kazi yenyewe ilikuwa kulisha kinda wa tai. Tai wa aina ile walikuwa wamemalizwa kwa sumu na mawe, wamebaki wa kuhesabu, na kituo kiliwalea makinda ili wakarudishwe milimani. Mlishaji hukaa nyuma ya pazia, anavaa mkononi kichwa cha tai kilichoshonwa kwa kitambaa, anapitisha nyama tunduni. Kinda asimwone mtu wala asimsikie, maana akizoea watu, akiachiwa atawafuata. Mwaka uliopita mmoja alimsikia mama wa watu akiita kuku wake, akatua miguuni pake kuomba chakula. Alipigwa ubao wa kichwa, akafa.

Kipaza alivumilia siku nne. Ya tano akanong'ona habari ya treni iliyochelewa mpaka ikaitangulia ya kesho yake. Kinda akala vizuri kupita siku zote. Basi ikawa ndiyo mazoea, nyama na hadithi, wiki saba, na hakuna aliyejua ila mkewe.

"Umemwambia daktari wa kituo?" mkewe alimwuliza asubuhi ya jaribio.

"Nimwambie nini? Tai mwenyewe hajalalamika."

"Fanya mzaha tu. Akipigwa ubao utufanyie mzaha mwingine."



Jaribio lilikuwa hivi: kila mfanyakazi asimame karibu na wavu na kusema lolote. Tai akikimbia, ataachiwa. Akisogea, maisha yake yote ni kizimbani. Mlinzi alisema, tai akarukia pembe ya mbali. Mama wa stoo naye akasema, tai akajibana huko huko. Daktari wa ndege, binti mdogo kuliko kitinda mimba wa Kipaza, akaandika alama.

"Mzee, zamu yako."

Angeweza kubana pua akaongea kama mwenye mafua, na nani angejua? Aliuona ule ubao kana kwamba umeshikwa mbele yake.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimekuwa nikiongea naye."

"Mara ngapi?"

"Bora uulize mara ngapi nilinyamaza."

Daktari hakucheka. "Ongea naye sasa. Kama siku zote."

"Abiria wangu," Kipaza aliita kwa upole.

Tai, mwenye mabawa mapana kama shuka la kitanda, alishuka, akaja mpaka kwenye wavu, akainamisha kichwa na kulialia kama kinda aliyeanguliwa jana.

"Kabla ya kumfungia maisha, tumjaribu mara moja zaidi. Wewe ndiye uliyemzoesha," daktari alisema, "kwa hiyo wewe ndiye utakayemtia hofu. Nikimpa mwingine kazi hii, atamwogopa huyo mwingine." Akamkabidhi mpira wa maji na debe tupu. Siku kumi na mbili, amwite kwa sauti ile ile, na akisogea, ammwagie maji na kupiga debe.

Siku ya kwanza Kipaza alilowesha paa la kizimba.

"Mzee, hatuachii paa."

Siku ya pili alimpata kifuani. Tai alijikung'uta, akautazama mpira, akamtazama yeye, akaja tena. Ya tatu, akaja tena. Nyumbani Kipaza akawa bubu, mpaka mkewe akaingiwa na wasiwasi: "Baba watoto, sema basi, hata uongo." Siku ya tisa tai hakusogea. Ya kumi akaja. Mbili za mwisho hakuja, lakini Kipaza hakulala.

Mlimani walifungua sanduku walilombebea tai. Akarukia jiwe, hatua ishirini hivi kutoka kwao.

"Mwite," daktari alisema.

"Na akija?"

"Tunarudi naye, na huku hataletwa tena."

Kipaza akaita: "Abiria wangu, njoo nikupe habari ya treni."

Tai aligeuza kichwa. Akamtazama. Akainua mguu mmoja kuelekea kwao, ukabaki hewani, na Kipaza akaanza kuhesabu mapigo ya moyo wake, hesabu ikampotea. Kisha tai akajitupa upande wa pili wa jabali, akapanda, akapanda, mpaka akawa kama kifungo cha shati.

"Mwite tena."

Aliita kwa sauti yote ya stesheni. Kile kifungo hakikugeuka.

"Mara ya mwisho, mzee."

Kipaza alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Daktari akaweka alama ya tatu kwenye karatasi yake kana kwamba ameita, bila kumwangalia usoni.