Sogea Karibu na Wanafunzi

Wanachuo wangu huniita Kalamu Nyekundu. Wananiita hivyo nyuma ya mgongo wangu, ila si nyuma sana, maana nawasikia. Jina limebaki ingawa kalamu yenyewe iko kwenye droo mwaka wa nne sasa. Siku hizi mwanachuo akienda mazoezi ya kufundisha hafuatwi tena na mkufunzi wa kukaa nyuma ya darasa na daftari. Anapewa kishikwambi na stendi yake. Kila wiki anajirekodi akifundisha, anatuma dakika ishirini kwenye mfumo wa chuo, nami naitazama video ofisini nikiwa nimevua viatu, kisha naandika maoni chini yake. Akishayasoma, alama ndogo ya vema pembeni inageuka kutoka kijivu kuwa kijani.

Muhula ule nilikuwa nao kumi na wawili. Wengi walisimama mbele ya kamera wamekakamaa kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Mmoja tu ndiye aliyenifanya niache chai ipoe, binti tuliyempachika jina la Redio tangu mwaka wa kwanza kwa ajili ya sauti yake. Alipangiwa darasa la pili katika shule iliyo nyuma ya kiwanda kilichofungwa, kwenye mtaa wa vyumba vya kupanga alikoishi yeye mwenyewe na mama yake. Darasa lilikuwa na watoto sitini na wanane, wanne kwa dawati. Katika video yake ya kwanza aliwafundisha kusoma, na sauti ilifika dawati la mwisho bila yeye kuipandisha. Nje ya dirisha alionekana mtu mzima aliyekuwa anapita na ndoo, akaiweka chini akasikiliza.

Sikumwandikia hayo. Nilimwandikia kwamba maandishi yake ubaoni yanapanda mlima. Kwangu mimi kizuri kilikuwa hakiandikwi, kinaandikwa kinachohitaji kurekebishwa, na niliamini kabisa kwamba huko ndiko kumpenda mwanafunzi.

Kuanzia wiki ya nne Redio alibadilika. Alikuwa anafundisha akiwa dirishani, bega moja kwa watoto na jingine nje, sauti imeshuka. Tena video ilikuwa inaruka: yuko katikati ya neno, mara yuko kwenye sentensi nyingine. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kukata video, kwa hiyo nilijua nini kimefanyika, au nilidhani najua. Nilidhani ananipiga chenga, kwamba anakata pale watoto walipomshinda. Nikapandwa na hasira, nikaandika: "Sauti haifiki nyuma. Picha inarukaruka. Usisimame dirishani kama mpita njia. Sogea karibu na wanafunzi."

Alama iligeuka kijani kabla sijafunga ukurasa. Jibu lake lilikuwa lile lile la siku zote: "Asante mwalimu. Nitarekebisha."

Na akarekebisha. Wiki ya tano alikuwa katikati ya madawati. Wiki ya sita na ya saba alikuwa anawainamia watoto mmoja mmoja, ameshika mikono yao midogo wanapoumba herufi, uso wake karibu na nyuso zao. Nilimpa alama za juu kuliko wote, nikawazungushia wakufunzi wenzangu video zile nikiwaambia watazame mtu anayesikia anapoelekezwa.

Nyumbani nilikuwa naishi na mdogo wangu, ambaye ni muuguzi. Mwaka ule alikuwa kwenye utafiti wa kifua kikuu katika mtaa ule ule wa nyuma ya kiwanda. Kazi yake ilikuwa kugonga mlango kwa mlango, kuuliza kama kuna mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili, na kumwachia kikopo cha makohozi. Nilimkataza kuzungumzia makohozi mezani. Alinijibu kwamba mimi nazungumzia vitenzi, na vyenyewe havimfungulii mtu hamu ya kula. Lakini jioni moja hakutania. Aliniambia kinachomnyima raha ni milango iliyofungwa. Anagonga mchana, na mgonjwa ambaye bado ana nguvu ya kwenda kazini ndiye asiyekuwepo. Anaandika "hakuna mtu", anatia alama ya chaki kwenye fremu, anaenda mlango unaofuata.

Mlango mmoja aliutia alama tatu. Baadaye tulikuja kujua kwamba ni chumba cha Redio.

Wiki ya tisa video haikuja. Nikaandika: "Ya wiki hii sijaiona. Usinifanye nikukimbize." Alama ilibaki kijivu siku nne. Siku ya tano mwalimu mkuu wa shule alipiga simu. Redio alikohoa damu katika chumba cha walimu siku ya Jumatatu, akalazwa, na Alhamisi hakuwepo tena. Kwa wiki nyingi alikuwa akiwaambia watu kwamba ni vumbi la chaki, na duka la dawa lilikuwa likimpa dawa ya maji ya kikohozi. Hospitali ndiyo iliyosema kwamba ni kifua kikuu, na kwamba mapafu yalikuwa yamekwisha. Nilienda mazishini nikalia kama wengine. Nililia kwa moyo mweupe, maana nilikuwa sijajua kitu.

Mdogo wangu alinipa siku mbili, kisha akanijia na la kazi. Watoto sitini na wanane walikuwa wamekaa na mgonjwa yule chumba kimoja muhula mzima. Wote walitakiwa kupimwa, ila wauguzi walikuwa wawili tu, na ilibidi waanze na waliokaa naye karibu zaidi. Rejesta ya shule ilionyesha majina, haikuonyesha nani anakaa wapi. Na mtaa ule watu wanahama kila wiki bila kuaga.

"Dada, si alikuwa anajirekodi?" akaniuliza. "Kishikwambi chake kina darasa zima."

Nikamwambia kikirudi chuoni nitampa.

Kilirudi Jumatatu. Alikileta mama yake Redio mwenyewe, fundi cherehani, amekifunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisema ametaka kuniona, kwa sababu ananifahamu kwa maneno yangu. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, basi kila jioni binti yake alikuwa anamsomea nilichoandika.

"Ile ya kwanza ndiyo niliyoipenda," akasema. "Uliandika kwamba sauti yake inajaza darasa mpaka nje. Nilisimamisha cherehani, nikamwambia arudie."

Nilimtazama mama yule usoni, nikasema ndiyo, mama, naikumbuka.

Alipoondoka nilifunga mlango. Ndani ya kishikwambi zilikuwemo video zote kabla hazijakatwa. Nilianza na ya wiki ya nne, nikasikia kilichokuwa kimekatwa. Ni kikohozi. Anasoma mstari, anageukia dirisha, anaziba mdomo na leso, anakohoa mpaka mabega yanatingishika, anawaambia watoto, "Subirini kidogo, someni mstari wa pili." Alikuwa anasimama pale ili akohoe nje. Hakuwa anajua ni ugonjwa gani. Ilikuwa ni adabu tu, na adabu ile ilikuwa inawafaa watoto kuliko kitu chochote nilichomfundisha mimi.

Kisha nikafungua ya wiki ya tano. Anaonekana ameshika kiti, anahema, halafu anatabasamu na kuwaambia darasa, "Mwalimu wangu amesema nisogee karibu nanyi. Haya, nakuja." Dawati la mbele kuna kasichana kenye pengo la meno mawili. Kanacheka na kujisogeza ili mwalimu apate pa kukaa. Redio anakaa. Anakohoa, na safari hii hakuna dirisha.

Nilikuwa nimemwua nani? Sikujua. Niliufungua mfumo wa chuo, nikayakuta maoni yangu yako pale pale chini ya video, na pembeni yake kitufe cha kufuta ambacho mkufunzi peke yake ndiye anayekiona. Kidole kilikaa juu ya kitufe kile muda mrefu. Sikufuta. Wala sitaki mtu anisifu kwa hilo, kwa sababu nilichofanya ni kibaya zaidi: nilikiweka kishikwambi kwenye droo, juu ya ile kalamu, nikageuza ufunguo. Jioni mdogo wangu aliponiuliza nilijitia hamnazo, nikasema mama wa watu bado yuko kwenye majonzi, hajakileta. Jumanne nikasema hivyo hivyo.

Jumatano mdogo wangu alirudi akakaa mezani na viatu vyake vya vumbi, kitu asichokifanya. Mwalimu mkuu alimwambia familia nyingine zimehama, na hakuna anayejua ni za watoto gani. Hakulalamika. Alijishika kichwa tu. Ndipo niliponyanyuka nikaenda ofisini kwa miguu, nikarudi nacho, nikakiweka mbele yake.

"Kiko kwako tangu lini?"

"Jumatatu."

Hakufoka. Alichukua karatasi ya mraba, akachora madawati, tukaanza. Yeye anasimamisha picha, mimi nasikiliza Redio anamwita nani, tunaandika jina kwenye kiti chake. Redio aliwajua watoto wote sitini na wanane kwa majina, katika wiki nane. Tulipofika wiki ya tano nilitaka kuiruka pale, nikashindwa. Tuliisikiliza pamoja, kisha nikamwonyesha maoni yangu.

Aliyasoma yote, kisha akasema, "Huwezi kujua nani aliambukizwa siku gani, dada. Hata mimi siwezi. Lakini hizi siku mbili za droo ni zako."

Alhamisi walianza kupima watoto wa dawati la mbele. Watatu walikuwepo. Wa nne, yule wa pengo, hakuwepo. Familia yake ilikuwa imehama Jumanne mchana. Jirani alisema mtoto alikuwa amebebwa, amechoka, anakohoa. Wameenda wapi, hakuna aliyejua.

Nilienda kwa mama yake Redio mchana ule ule. Alikuwa barazani pa duka anaposhonea, mguu kwenye pedali, milundo ya sare pembeni. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja nikamsomea maoni yangu, moja baada ya jingine, yale ya kweli. Maandishi yanapanda mlima. Sauti haifiki nyuma. Kama mpita njia. Sogea karibu na wanafunzi. La mwisho lile la kumkimbiza, ambalo lilitumwa akiwa tayari yuko kitandani hospitali. Nilimwambia kuhusu dirisha. Nilimwambia kuhusu droo.

Cherehani ilikuwa imesimama tangu neno la kwanza.

"Kwa hiyo alikuwa ananitungia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na sauti yake? Hukuisifu popote?"

"Sikuisifu popote."

Akatazama mikono yake. Nilingoja anifukuze, na ningeshukuru. Badala yake aliniuliza huyo mtoto wa pengo ni yupi. Nikamweleza: mdogo, meno mawili ya mbele hayapo, anacheka ovyo. Aliinama kwenye mlundo, akachomoa sketi ndogo ya rangi ambayo si ya shule ile.

"Mama yake alileta kitambaa Jumanne asubuhi kabla ya kuhama. Amesema shule mpya wanavaa hii. Jumamosi anakuja kuchukua."

Rangi ile ilimtosha mdogo wangu. Hakungoja Jumamosi, akazifuata shule zinazovaa hivyo, na Ijumaa saa nne alimpata mtoto kwenye chumba kimoja nyuma ya shule ya pili. Alikuwa na homa na amekonda. Vipimo vikatoka vile tulivyoogopa. Kwenye lile darasa walipatikana watano wenye ugonjwa, wanne wao wa madawati ya mbele, na wengine walianzishiwa dawa ya kinga. Siku ya kwanza alipopewa vidonge, mtoto alimwuliza mdogo wangu kama mwalimu naye ameshapona. Mdogo wangu ni mtu mgumu, lakini kwa hilo alilia aliponisimulia.

Ila siku ile barazani, kabla sijaondoka, mama aliniita nirudi.

"Lile aliloniambia," akasema, "liandike. Liandike mahali pake."

Nililiandika jioni hiyo chini ya video ya kwanza, kama mama alivyolitamka: "Sauti yako inajaza darasa mpaka nje." Nikatuma.

Ni miezi minne sasa. Mtoto wa pengo amebakiza miezi miwili ya kumeza vidonge, na jino moja limeanza kuota. Nina wanachuo wengine kumi na wawili, na siku hizi nikiona kizuri nakiandika kwanza, wananishangaa. Kila asubuhi, kabla sijavua viatu, nafungua ukurasa wa Redio naangalia ile alama pembeni. Bado ni kijivu.