Supu ya Baridi ya Fundi

Jamani, supu ya baridi si kazi ya dakika moja. Nilichemsha maharage mpaka yakarojeka, nikayapoza, nikayasaga kwenye blenda na matango na nyanya zilizomenywa na kutolewa mbegu. Ndimu hapana, pilipili hapana, chumvi chembe tu. Nikaichuja mara mbili, nikaitia kwenye friji. Joto lenyewe siku hiyo, hata ukuta ulikuwa unatoa jasho.

Ilikuwa ya mdogo wangu, fundi cherehani. Tangu aanze kupigwa mionzi ya saratani ya koo, mdomo wake, ule uliozoea kubana pini kutwa nzima, ulikuwa vidonda vitupu. Daktari alisema apewe vitu laini, vya baridi. Asipokula leo, kesho arudi wodini awekewe mpira wa kulishia puani.

"Dada, mpira sitaki," Fundi aliniambia. "Nipe chochote, nitameza."

Tatizo ni mama. Kwake yeye, mgonjwa kupewa chakula kilichopoa ni kusimangwa. Nilimweleza mpaka nikachoka. Linaingia sikio hili, linatokea lile.

Nikatoka mara moja kununua mrija. Dukani kukawa na foleni, nami roho juu.

Narudi, nakuta mama amekaa kitandani kwa Fundi, kijiko mkononi, bakuli linafuka moshi.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimeikuta imekuwa barafu kule ndani," akasema. "Umwache mwenzio anywe barafu? Una roho gani wewe?"

Nikafungua mdomo nimpashe. Fundi akanitazama, akatikisa kichwa kidogo tu: nyamaza. Akameza.

"Tamu, mama," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

"Umeona?" Mama alicheka, furaha tupu. "Analia kwa utamu. Vijiko vitatu hivyo!"

"Nyingine iko wapi?"

"Nimeipasha yote. Nibakize ya nini?"

Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikaanza kulipepea bakuli kama mwendawazimu. Nilitaka kupiga kelele, nikashindwa. Nimpigie nani kelele?

Mama alichota kijiko kingine, akakipuliza, akakipeleka.

"Haya baba, fungua."

Fundi alijaribu. Nilimwona anajaribu, mishipa ya shingo imemsimama. Midomo haikuachana.

Mama akanigeukia, kijiko bado hewani.

"Mbona hafungui?"