Mgeni Aliyechora Macho

Siku ulipoletwa ule mkono wa chuma kiwandani kwetu niliusema vibaya mbele ya watu, na leo sikatai. Nilisema, "Dude hili likichora jicho, nitaitafuna brashi yangu na chumvi." Watu wakacheka. Mimi wananiita Pilipili, na hawakunipa jina hilo bure.

Kiwanda chetu kinatengeneza wanasesere wa mbao. Si kikubwa. Kuna chumba cha mkereza, ambaye huchonga vichwa kwa mashine, kuna chumba cha gundi, chumba cha rangi na stoo, basi. Kazi yangu ni kuchanganya rangi. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka tisa, ndiye anayechora macho, na wote mle ndani, hata meneja, humwita Mama Macho. Kwa miaka thelathini na moja hakuna mwanasesere aliyetoka pale bila kupita mikononi mwake.

Jicho analolichora dada utaona ni kitu kidogo tu, mpaka ujaribu kulichora. Kuna mstari wa kope, unaoanza mnene karibu na pua, ukienda unakonda, unakonda, mpaka unapotea wenyewe. Kuna duara jeusi chini yake. Mwisho kuna nukta nyeupe, juu kidogo, upande wa kulia, kwa macho yote mawili. Nukta ile ikikaa sawasawa, mwanasesere anakutazama wewe, hata ukihama kiti. Ikikosea kwa upana wa unywele, anatazama nyuma yako kama mtu anayesubiri umalize kuongea aende zake.

Mimi nilijaribu kujifunza kwa miaka mitatu nikashindwa. Macho yangu yote yalitoka na hasira. Tabia haifichiki, jamani. Dada hakuwahi kunisema, alikuwa anachukua tu vile vichwa vyangu, anavipanga rafuni, na kuvigeuza vitazame ukuta. Baada yangu walikuja wanafunzi wawili, wote wakapata kazi kwingine wakaondoka. Kwa hiyo macho yalibaki kwa mtu mmoja, na mwaka jana mikono ya mtu huyo ikaanza kutetemeka.

Daktari alisema si ugonjwa wa kuua, ila dawa ya kuumaliza hakuna. Dada akaanza kuficha mikono chini ya aproni. Mwaka huu, katika kila vichwa kumi alivyochora, saba vilirudi kwangu nivifute kwa mafuta ya taa. Nilivifuta bila kumwambia mtu, na roho iliniuma kwa kila kimoja.

Nyumbani tunaishi wawili tu, tangu shemeji afariki. Nilipoona anahangaika mezani, nikavikusanya vile vikombe vyetu vizito vya udongo, nikavifunga kwenye katoni na kuiweka juu ya kabati. Nikanunua vikombe vya plastiki, vyepesi, hata upepo unavipeperusha. Na vijiko, na sahani, vyote vyepesi. Nilijiona nimefanya la maana. Lakini dada alizidi kumwaga chai, ikimlowesha kifuani, na mwisho akasema chai haimpendezi tena. Mtu aliyekuwa hajui asubuhi bila vikombe viwili. Nilijua anadanganya, na sikujua la kufanya.

Ndipo meneja akatuita. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni stika: macho yachapishwe kwenye karatasi, yabandikwe. Ya pili ni ule mkono wa roboti, umeletwa kwa majaribio ya siku tano. "Ijumaa nitaamua," akasema. "Ukishindwa, tunakwenda na stika."

Dada akajibu polepole, kama kawaida yake. "Mwanasesere wa stika hamtazami mtu. Nitaufundisha huo mkono."

Nilimngoja tutoke nje, nikamvaa. "Dada, unafundisha kitu kije kikutoe kazini?"

"Kazi inaniondoka yenyewe, mdogo wangu," akasema. "Sitaki iondoke na macho."

Nikarudi kwenye ndoo zangu nikakoroga rangi mpaka ikatoa povu.

Mkono wenyewe, niseme ukweli, ulikuwa na sura nzuri. Mweupe, una bega, una kiwiko, una kifundo, umefungwa mezani kama mtu aliyekaa tayari kuandika. Bawabu akaupa jina la Mgeni. Kila asubuhi alipita mlangoni akisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi nikamjibu, amponye nani, wakati hata mafua hayajui. Aliyekuja nao alikuwa injinia, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kalamu sikioni ambayo aliitafuta kila saa mezani na mifukoni.

Jumatatu injinia akauchoresha kwa picha iliyokuwa kwenye kompyuta. Hapo ndipo niliposhtuka kidogo. Mgeni aliokota brashi, akaichovya, akaipangusa ukingoni mwa kopo mara mbili rangi isidondoke, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Wanafunzi wote wawili niliwaambia jambo hilo mpaka nikachoka. Lakini macho aliyochora, mstari ulikuwa na unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na wanasesere walionekana kama watu waliokumbuka ghafla kwamba wameacha jiko linawaka. Nikacheka kwa sauti, wote wanisikie.

Jumanne injinia akasema tuache picha. "Mama, mkono huu hufundishwa kwa kushikwa. Nikibonyeza kitufe hiki unalegea. Wewe uushike kifundoni, uuongoze uchore kama unavyochora. Mkono utakumbuka kila ulichofanya, halafu utarudia wenyewe." Dada akatoa mikono chini ya aproni, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Akaushika. Akachora.

Injinia akabonyeza tena, na Mgeni akarudia peke yake. Alirudia kila kitu kwa uaminifu, pamoja na mtetemeko. Brashi ilicheza vilevile, ikaruka palepale, nukta ikatua shavuni. Dada alikaa akitazama ugonjwa wake ukifanywa na kitu kisichoumwa. Kisha akavua aproni, akaikunja, akatoka uani. Siku ile nilitamani kuchukua nyundo.

Jumatano bawabu akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Injinia alikuwa kazini kabla yetu sote. Aliisafisha ile michoro ya dada kwenye kompyuta ili kuondoa mtetemeko, na ulitoka kweli. Lakini pamoja nao ulitoka ule unene wa mwanzo na ule wembamba wa mwisho, kwa sababu kompyuta haikujua upi ni ugonjwa na upi ni ufundi, ikavikwangua vyote. Tukarudi kwenye macho ya jiko linalowaka. Meneja alichungulia, akaguna, akaenda kuwapigia simu watu wa stika. Sikucheka tena.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nyumbani nasugua meno. Nikamwona dada anapiga pasi aproni yake. Tuna pasi mbili, moja mpya nyepesi, na moja ya mama yetu, ya chuma kitupu, mimi huichukia kwa uzito wake. Dada alikuwa na ile ya mama. Ncha yake ilipita kati ya vifungo, kimoja baada ya kingine, bila kugusa hata kimoja. Nikasimama na mswaki mdomoni. Mkono uleule, dakika tano kabla, ulikuwa umemwaga maji ya kikombe cha plastiki mpaka sakafuni.

"Dada, inua hiyo pasi juu."

"Ya nini?"

"Inua tu, nakuomba."

Akainua. Ilitulia hewani kama imewekwa mezani. Nikamwambia achukue kijiko changu cha plastiki, akakichukua, kikaanza kucheza. Tukatazamana. Nilisahau kusukutua, nikaenda kazini na dawa ya meno kwenye kidevu, na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Nilimkuta injinia anatafuta kalamu. "Iko sikioni," nikasema. "Sasa niambie, huu mkono ukishikwa unaweza kuwa mzito?"

"Unaweza, mama mdogo. Kuna mahali pa kupandisha na kushusha. Mimi nimeuweka mwepesi kabisa, kwa makusudi. Mama ni mtu mzima, sikutaka umchoshe."

"Hata mimi nilinunua vikombe vya plastiki," nikasema.

Hakunielewa, nikamweleza yote: pasi, kijiko, chai. Akasema yupo mjomba wake ambaye mikono ilimtetemeka vilevile, na nyumba nzima walimnyang'anya kila kitu kizito. Tulimwonea dada huruma mpaka tukambebesha upepo, na upepo haushikiki. Injinia akageukia kompyuta yake akapandisha uzito.

Mara ya kwanza ulizidi. Dada alisema ni kama kusukuma mlango uliovimba kwa mvua. Injinia akapunguza kidogo. "Bado." Akapunguza tena. Dada akamshika Mgeni kifundoni kwa vidole vyote vitano, akavuta pumzi, na nikaona bega lake linashuka, kama zamani.

Mstari ukaanza mnene karibu na pua. Ukaenda. Ukakonda, ukakonda, ukapotea wenyewe. Mkereza alikuwa amezima mashine yake na kuja kusimama mlangoni, na vumbi la mbao likimdondoka nyweleni. Dada akaweka duara. Akaweka nukta. Kisha akafanya jambo ambalo huwa analifanya na sidhani kama analijua: akainua brashi na kusita nusu pumzi, akilitazama jicho, kabla ya kuhamia la pili.

"Sasa tuone," injinia akasema, akabonyeza kitufe.

Mgeni akaokota brashi. Akachovya, akapangusa mara mbili. Akachora kope la dada yangu. Akachora duara, akaweka nukta juu kidogo, upande wa kulia, akainua brashi na kusita nusu pumzi. Kisha akahamia jicho la pili. Nimeona mashine nyingi maishani, zinazokata, zinazopiga kelele, zinazokula vidole vya watu. Sijawahi kuona mashine iliyosita kuangalia kazi yake. Alichora vichwa kumi, na vyote kumi vilinitazama mimi. Nilihama kiti, vikaendelea kunitazama. Nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Ijumaa meneja alikuja, akanyanyua kichwa kimoja, akakaa kiti cha dirishani, akahamia cha mlangoni. Akakirudisha taratibu. "Waambieni wa stika wasije," akasema. "Na Mama Macho asifikiri anakwenda kupumzika. Tuna sura mpya sita za mwakani, na huyu Mgeni hajui macho ya sura hizo." Mkereza akaingia na sahani yenye brashi katikati na chumvi pembeni, akainamisha kichwa kama mhudumu wa hoteli, akaniwekea mbele. Niliing'ata upande wa mti, kidogo, ili haki itendeke.

Watu walipotawanyika injinia akaanza kufunga vifaa vyake. Dada hakuondoka kitini.

"Nibonyezee tena kile kitufe," akasema.

"Mama, umeshaufundisha. Hauhitaji tena."

"Najua. Sasa nataka kuchora mimi."

Injinia akamtazama, akaacha waya aliokuwa anaukunja, akabonyeza. Dada akajichagulia kichwa kitupu, akamshika Mgeni kifundoni, na wakachora wawili. Nikakaa kwenye ndoo zangu nisiwasumbue. Alichora kwa muda mrefu, zaidi ya ilivyo kawaida, na mara moja nilimsikia anacheka peke yake. Alipomaliza akainuka, akaja na kichwa kile mpaka kwenye rafu yangu ya rangi.

Macho yale yalikuwa na hasira. Nyusi zimebanana, kope limekaza, nukta inawaka. Yalikuwa macho yangu mimi, na yalikuwa mazuri. Dada akakiweka rafuni, na hakukigeuza kitazame ukuta. Alikielekeza chumbani, kinitazame nikifanya kazi.

Jioni nikapanda stuli, nikashusha ile katoni juu ya kabati, nikaosha vumbi kikombe kimoja cha udongo. Nikakijaza chai mpaka ukingoni na kumkabidhi dada. Alikinywa chote bila kumwaga tone, akakinyoosha kwangu, akaomba cha pili.